Xuanzang: Mtoro aliyerudi shujaa

Unalia pasipoti imechelewa? Hebu msikie Xuanzang, mtawa wa Kibudha wa China, karne ya saba. Serikali ilikuwa imepiga marufuku raia kuvuka mpaka, lakini jamaa alitaka kufika India. Tafsiri za vitabu vya dini alizosoma kwao zilikuwa zinapingana, naye alitaka ukweli kutoka chimbuko lake.

Basi akatoroka. Jangwani maji yake yakamwagika, nusura afe kwa kiu.

India alisoma miaka kadhaa katika chuo cha Nalanda, na Mfalme Harsha akamkaribisha kwa heshima kuu. Mwaka wa 641 Harsha alituma wajumbe China, nayo China ikatuma wake.

Xuanzang alirudi 645 na maandiko 657. Ungedhani angetupwa jela, sivyo? Mfalme alimpokea vizuri, hata akampa cheo. Alikikataa, akatafsiri hadi alipofariki mwaka wa 664.

Pia aliandika kitabu cha safari. Miaka zaidi ya 1,000 baadaye, kitabu hicho ndicho kilichosaidia wataalamu kutambua magofu ya Nalanda. Wewe je, ukitembea unaandika, ama ni selfi tu?