Johannes Rebmann na Theluji Iliyokataliwa

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka wa 1820, akafika Mombasa mwaka wa 1846 akiwa mmishenari. Aliishi Rabai pamoja na Ludwig Krapf, ambaye wanafunzi wa Kiswahili humjua zaidi kwa sababu ya kamusi yake.

Tarehe 11 Mei 1848, akielekea Uchaga na kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, aliona weupe juu ya mlima. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita baridi tu. Neno hilo lilimtosha Rebmann, aliyekulia kwenye majira ya baridi, kutambua kuwa ni theluji. Wachaga, kama alivyogundua baadaye, walikuwa na jina lake: kibo.

Habari hizo zilipochapishwa London mwaka wa 1849, William Desborough Cooley alizikanusha. Cooley hakuwa mbumbumbu. Alikuwa bingwa wa maandishi ya kale ya Waarabu na Wareno kuhusu Afrika, na hata Waswahili waliofika London aliwahoji. Ila hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Kwake, theluji karibu na ikweta ilikuwa mazigazi ya mtu mwenye macho mabovu. Yaelekea kilichomuuma si theluji yenyewe, bali kazi yake ya miaka mingi kusahihishwa na mmishenari na wasafiri wa pwani.

Mwaka wa 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten waliukwea mlima ule hadi zaidi ya mita 4,000, theluji ikawaangukia. Wanajiografia wa London waliridhika, wakamtunuku Baron nishani ya dhahabu. Cooley hakuridhika, akaendelea kubisha.

Hata hivyo, Rebmann naye hakuepukana na kosa. Katikati ya miaka ya 1850, yeye na Jakob Erhardt walichora ramani yenye ziwa moja kubwa ajabu katikati ya bara, lenye umbo la konokono asiye na kombe. Wafanyabiashara waliowahoji walikuwa wamesema kweli, kila mmoja akieleza ziwa alilolijua; waliokosea ni wachoraji walioyaunganisha. Lakini ramani ile, tofauti na hoja za Cooley, iliwatoa watu kwenda kutazama. Richard Burton na John Speke walimtembelea Rebmann Rabai mwaka wa 1857 kabla ya kwenda bara, na mwaka wa 1858 ikabainika kuwa Tanganyika na Nyanza ni maziwa mbalimbali.

Rebmann alibaki pwani takribani miaka 29, akikusanya msamiati wa Kiswahili, Kinika na Kinyasa. Alipoondoka mwaka wa 1875, macho yale yaliyodhihakiwa yalikuwa karibu yamepofuka kweli. Alifariki Korntal mwaka wa 1876. Kamusi yake ya Kinyasa ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa imehaririwa na Krapf.