Sheikh Ibrahim na makaburi ya Petra

Johann Ludwig Burckhardt alizaliwa Lausanne, Uswisi, mwaka 1784. Mwaka 1809 chama kimoja cha London kilimtuma kuichunguza Afrika. Kwanza alikaa Syria akisoma Kiarabu na Qur'ani, akavaa mavazi ya Kiarabu na kujiita Sheikh Ibrahim.

Agosti 1812, akielekea Cairo, alisikia habari za magofu ya Wadi Musa, katika Yordani ya leo. Alidai ameweka nadhiri ya kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Nabii Haruni, akapata mwenyeji wa kumwongoza. Wakapita kwenye ufa mwembamba wa jabali, mara akaiona Khazneh na makaburi ya Wanabatea yaliyochongwa mwambani. Hakuthubutu kukawia, kwani mwenyeji wake alishamshuku kuwa anatafuta hazina.

Vitabu vingi husema aliigundua Petra. Lakini Mabedui hawakuipoteza kamwe. Yeye alionyeshwa, akaandika. Wachimbuaji wakafuata, na mwaka 2003 makaburi mengine yalifukuliwa chini ya Khazneh.

Burckhardt alifariki Cairo mwaka 1817, akiwa na miaka 32, akazikwa Kiislamu kwa jina la Ibrahim.