Alan Turing: Mfumbuzi wa siri za Hitler aliyekufa na siri yake

MACHI 31, 1952, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Manchester alisimama kizimbani mjini Knutsford, Uingereza, na kukiri kosa la mapenzi ya jinsia moja, ambayo wakati huo yalikuwa jinai nchini humo. Mwenzake wa zamani, Hugh Alexander, alifika kumtolea ushahidi wa tabia njema. Hata hivyo, jambo kubwa kuliko yote alilolijua kuhusu mshitakiwa lilikuwa siri ya serikali, na hakuweza kulieleza.

Mshitakiwa huyo alikuwa Alan Mathison Turing.

Alizaliwa London Juni 23, 1912, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India. Alisomea hisabati Cambridge na mwaka 1936, angali kijana, aliandika kuhusu mashine ya kufikirika iwezayo kukokotoa chochote kinachokokotoleka kwa kufuata maelekezo. Wazo hilo lilikuja kuwa msingi wa elimu ya kompyuta.

Septemba 4, 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, aliripoti Bletchley Park, jumba lililofichwa mashambani kaskazini magharibi mwa London. Kazi iliyomsubiri ilikuwa Enigma.

Enigma ilifanana na taipureta ndani ya sanduku la mbao. Askari alibonyeza herufi moja, na taa ikawaka kuonyesha herufi nyingine. Ndani yake mlikuwa na magurudumu matatu yaliyochaguliwa kati ya matano, na angalau moja lilisogea kila herufi ilipobonyezwa. Mbele palikuwa na nyaya 10 za kubadilishana herufi. Namna za kuitega zilikaribia 159 ikifuatiwa na sifuri 18, na ufunguo ulibadilishwa kila siku. Wajerumani waliamini hakuna binadamu atakayeufikia.

Hapa pana haki ya watu wengine, ambayo husahauliwa mara nyingi. Turing hakuanza na karatasi tupu. Marian Rejewski wa Poland aliivunja Enigma tangu mwaka 1932, na Julai 1939, wiki chache kabla nchi yao haijavamiwa, Wapoland waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa kila walichokijua.

Turing aliiendeleza njia hiyo akitumia dosari moja: Enigma haikuweza kamwe kugeuza herufi kuwa yenyewe. A haikutoka A. Wafumbuzi walikisia maneno yaliyomo katika ujumbe, kwa mfano taarifa za hali ya hewa zilizotumwa kila siku kwa mtindo uleule, kisha wakayapanga chini ya ujumbe wa mafumbo. Herufi mbili zilipogongana, mpangilio huo ulitupwa. Yaliyobaki yalipewa mashine aliyoibuni Turing, iliyowasili Machi 1940 na kuboreshwa na Gordon Welchman, ambayo ilipitia mikao 17,576 ya magurudumu kwa dakika chache tu.  Mazoea ya waliokuwa wakiitumia nayo yaliwaponza.

Jeshi la majini lilikuwa gumu zaidi. Februari 1942 nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki ziliongeza gurudumu la nne, na kwa miezi 10 Bletchley ikawa kipofu huku meli zikizamishwa. Oktoba 30, 1942, mabaharia wa HMS Petard walichukua vitabu vya siri ndani ya nyambizi U-559 iliyokuwa ikizama Mediterania. Wawili kati yao walizama nayo. Desemba mwaka huo, ujumbe ulianza kusomeka tena.

Vita hivyo vya kimyakimya vilifika hadi Mombasa, ambako mwaka 1942 wafumbuzi wa mafumbo ya Japani walihamishiwa Kilindini.

Turing mwenyewe alikuwa na vituko vyake. Aliendesha baiskeli akiwa amevaa kinyago cha kuzuia gesi, akikwepa chavua. Mwaka 1940 alifukia vipande vya fedha msituni, akaandika maelekezo kwa mafumbo, na baadaye akashindwa kuvipata.

Baada ya hukumu, alikubali kuchomwa sindano za homoni kwa mwaka mmoja ili kukwepa jela. Kibali chake cha kushughulikia siri za serikali kiliondolewa. Alifariki Juni 7, 1954, nyumbani kwake Wilmslow, kwa sumu ya sianidi, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake, Sara, hakukubali. Kitabu alichokiandika mama huyo kuhusu mwanawe mwaka 1959 hakikuweza kueleza alichokifanya vitani. Siri hiyo ilianza kutoka hadharani mwaka 1974.

Serikali iliomba radhi mwaka 2009, na Malkia Elizabeth II akamsamehe mwaka 2013. Juni 23, 2021, noti ya pauni 50 yenye sura yake iliingia katika mzunguko, ikiwa na tarehe yake ya kuzaliwa iliyoandikwa kwa sifuri na moja.