Dante Alighieri: Mshairi Aliyezifanyia Sherehe Tungo Zake Mwenyewe

Mwalimu aingiapo darasani na shairi ana kazi mbili: kulisoma na kulifafanua. Kazi hii ya pili ina historia ndefu. Katika Ulaya ya zama za kati, kitabu chenye heshima kilisomwa pamoja na sherehe zake, nazo aghalabu ziliandikwa pembezoni mwa ukurasa. Vitabu vilivyopewa heshima hiyo vilikuwa hasa Maandiko Matakatifu na maandishi ya wahenga wa Kilatini. Dante Alighieri alithubutu kuzipa heshima hiyo hiyo tungo zake mwenyewe, tena za lugha ya nyumbani.

Alizaliwa Florence, nchini Italia, mwaka 1265. Ujanani alitunga mashairi ya mapenzi kwa ajili ya Beatrice, aliyefariki mwaka 1290. Miaka michache baadaye alikusanya tungo 31 katika kitabu alichokiita Maisha Mapya. Humo alisimulia kwa nathari chanzo cha kila utungo, na tungo nyingi akazigawa sehemu sehemu: hii yaanzia hapa, ile pale. Tukiri kwamba migawanyo hiyo huchosha, nasi tusingependa kuisikia ikikaririwa darasani. Lakini na tutazame jambo moja. Mwanzoni mgawanyo hulifuata shairi. Baada ya kifo cha Beatrice, Dante aliutanguliza, ili shairi likiisha libaki peke yake mithili ya mjane. Katika kitabu hicho hicho alishikilia kwamba ni aibu kwa mshairi kusema kwa mafumbo, kisha akiulizwa maana asiweze kuyavua maneno yake vazi hilo.

Mwaka 1300 Dante alikuwa mmojawapo wa viongozi wakuu wa mji wake. Mwaka 1301 chama pinzani kilishika madaraka. Akashtakiwa kwa ulaji rushwa, akafukuzwa, na mnamo Machi 1302 ikahukumiwa kwamba akikamatwa achomwe moto hadi afe. Hakurudi tena.

Akiwa uhamishoni, jina lake limechafuka, alianza kitabu kiitwacho Karamu. (Wanaojua kwamba sherehe kwetu ni ufafanuzi na pia ni shangwe watalifurahia jina hilo.) Tungo 14 ndizo zingekuwa kitoweo, na ufafanuzi ndio mkate wa kulia. Walioalikwa hawakuwa mabingwa, bali watu ambao shughuli za nyumba na za mji ziliwanyima nafasi ya kusoma. Kwa sababu hiyo mkate wenyewe ulikuwa wa shayiri, si wa ngano: aliandika kwa Kiitalia, si Kilatini. Ilimbidi ajitetee kwa kurasa nyingi. Hoja yake mojawapo yatuhusu sisi tunaojiandaa kufundisha watoto wadogo: lugha aliyozungumza na wazazi wake ndiyo iliyomfungulia mlango wa elimu, kwa kuwa hata Kilatini alifundishwa kwa lugha hiyo.

Alieleza pia kwamba utungo una maana ya wazi na maana zilizofichika, na kwamba sharti ile ya wazi itangulie, kwani hakuna awezaye kufika ndani pasipo kupita nje. Wanachuo wanaokimbilia mafunzo ya shairi kabla ya kueleza msamiati wake wamepata mshitaki wa tangu mwanzoni mwa karne ya 14.

Karamu haikukamilika. Alizifafanua tungo tatu tu, akaiacha, akashika utenzi wake mkubwa, Komedia. Alifariki Ravenna mwaka 1321. Utenzi huo hakuuachia ufafanuzi kama ule wa Karamu. Wanawe Jacopo na Pietro waliushughulikia, na wengine wengi baada yao. Mwaka 1373 Florence, mji ule ule uliotaka kumchoma, ulimwajiri mwandishi Giovanni Boccaccio aufafanue utenzi huo hadharani, kanisani, mbele ya watu wa kawaida. Boccaccio aliugua kabla ya kufika mbali, masomo yakakatika, naye akafariki mwaka 1375.