Mtakatifu Hildegard na kichupa changu cha mnanaa



Mwaka wangu wa mwisho wa falsafa kichwa kilikuwa kinaniuma karibu kila siku, na usiku usingizi hauji. Rafiki yangu akanipa kichupa cha mafuta ya mnanaa, akaniambia nipake kwenye paji la uso. Nikapaka, tena mengi, bila kuyachanganya na mafuta mengine. Jamani, macho yaliwaka moto! Lakini ni kichupa hichohicho kilichonifanya nimtafute Mtakatifu Hildegard wa Bingen, kwa sababu wapenzi wa tiba ya harufu humtaja sana.

Hildegard alizaliwa Ujerumani mwaka 1098. Wazazi wake walimtoa kwa Mungu akiwa bado mtoto, akalelewa na Jutta, mtawa aliyeishi amejifungia kwenye monasteri ya Disibodenberg. Jutta alipofariki mwaka 1136, masista wakamchagua Hildegard awaongoze.

Baadaye akahamia Rupertsberg, karibu na Bingen, na huko akaandika kuhusu mimea, mawe, wanyama na magonjwa. Mimea aliyoieleza inazidi 200. Imo ile ya jamii ya mnanaa: aina kadhaa za mnanaa wenyewe, na pia lavenda. Kuhusu lavenda aliandika kwamba harufu yake husafisha macho na kuua chawa. Msicheke! Hata sisi tunatumia kivumbasi kufukuza mbu, na kivumbasi ni ndugu wa lavenda katika jamii hiyohiyo. Kwa Hildegard, ukijani wa mimea ulikuwa ishara ya uhai ambao Mungu ameuweka katika viumbe vyake.

Siku hizi majani ya mimea hii hupitishiwa mvuke, mvuke ukipozwa mafuta huelea juu ya maji. Hayo ndiyo yanayojazwa kwenye vichupa. Ni makali sana: hayanywewi ovyo, hupunguzwa kwa mafuta ya kawaida kabla ya kupakwa, na ya mnanaa hayapakwi usoni kwa mtoto mchanga. Na kuna jambo lilinishangaza. Ule ubaridi wa mnanaa unatokana na mentholi, ambayo huamsha neva zinazohisi baridi. Yaani unahisi umepoa, kumbe joto la ngozi liko palepale.

Hapo nikajitambua. Mimi nilikuwa nahisi nimepoa tu.

Hildegard alikuwa akipata maono tangu utotoni, lakini kwa miaka mingi aliyaficha. Waliojua ni wachache sana, kama Jutta na mmonaki Volmar. Mwaka 1141, akiwa na miaka 42, alisikia Mungu anamwamuru ayaandike. Aliogopa, akakataa. Akaugua, akalala kitandani. Alipokubali kushika kalamu, huku Volmar akimsaidia, nguvu zikamrudia. Maandishi yake yakafika kwa Papa Eugenio III wakati wa sinodi ya Trier, miaka ya 1147 na 1148, naye akamruhusu aendelee.

Fikirini: mwanamke aliyejua mitishamba kuliko wengi wa wakati wake, ugonjwa ule haukuondoka kwa jani lolote. Uliondoka aliposema alichokuwa anakificha. Na hata baada ya hapo aliendelea kuugua mara kwa mara, lakini aliandika, alitunga nyimbo, na uzeeni alisafiri kuhubiri. Alifariki tarehe 17 Septemba 1179. Mwaka 2012 Papa Benedikto XVI akamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Mimi nilichoficha ni hofu. Nilikuwa na mashaka juu ya wito wangu na sikutaka mlezi ajue, nisije nikaambiwa nirudi nyumbani. Kila jioni napaka mnanaa, nasali haraka haraka, halafu nakodoa macho dari hadi alfajiri. Ilinichukua wiki mbili kugonga mlango wa mlezi wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanituma kwanza hospitali, kisha tukaanza kuzungumza kila wiki. Mashaka hayakwisha siku ile. Usingizi ulirudi.

Kichupa bado ninacho. Nikiumwa kichwa natia tone moja kwenye mafuta ya nazi, napaka, namshukuru Mungu aliyeumba mnanaa. Ni kiumbe chema, kinasaidia. Ila usikitume kazi isiyo yake.

Wewe unayesoma hapa usiku wa manane kwa kukosa usingizi: kuna nini hujamwambia mtu? Kesho mtafute padre, mzazi, daktari, au mtu mzima unayemwamini. Gonga mlango.

Mtakatifu Hildegard wa Bingen, utuombee.