Sayyid Khalid: dakika 38 za mizinga, siku 36 za sheria

Barazani ikitajwa vita ya Unguja ya 1896, watu hucheka. Dakika 38, basi! Wengine husema 40, wengine 45, kila mzee na saa yake. Mimi sicheki tena tangu nilipofuatilia yaliyomfika Sayyid Khalid bin Barghash baada ya mizinga kunyamaza. Vita ilikwisha kabla ya chai ya saa nne. Mambo yake na sheria hayakwisha mpaka alipofariki hapa hapa Mombasa, 1927.

Alizaliwa Unguja 1874, mtoto wa Sultan Barghash bin Said aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Baada ya baba yake walitawala ami zake wawili, Khalifa na kisha Ali. Ni katika zama za Ali, mwaka 1890, Uingereza na Ujerumani zilipopatana juu ya vichwa vya wenyewe, Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Mwingereza. Tangu hapo ikawa hakuna wa kukalia kile kiti bila ridhaa ya balozi wao.

Khalid hilo halikumwingia. Ali alipofariki 1893, kijana huyu aliingia katika jumba la mfalme kudai kiti cha baba yake. Akatolewa, akatoka, akawekwa Hamad bin Thuwaini. Tarehe 25 Agosti 1896 Hamad naye akafa ghafla. Mji ukajaa maneno ya sumu, na maneno yakamwelekea Khalid, lakini hakuna mahakama iliyowahi kuyapima, nami sitayapima hapa. Siku ile ile Khalid alikuwa ndani ya jumba na askari wake, na bendera juu.

Nisimpambe. Katika waliokuwa nyuma yake walikuwamo wenye mashamba walioogopa Mwingereza asije akawaondolea watumwa wao, na wazee wetu wengine wa pwani hii walikuwa ndio watumwa wenyewe. Mtu anaweza kuwa si shujaa wako na bado akawa na haki ya kusomewa shtaka.

Waingereza walimtaka Hamud bin Muhammed. Basil Cave, aliyekuwa akishika kazi za ubalozi, akampa Khalid muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27, na Admirali Harry Rawson akapanga meli tano za kivita mbele ya jumba. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Upande wa jumba waliuawa na kujeruhiwa watu kama 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Kabla moshi haujatulia Khalid alikuwa amekwisha toka, yeye na wafuasi kama arubaini, wakaingia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Hapa ndipo kisa kinaponigusa. Mimi si wakili, nina diploma tu, lakini mambo ya kurudishana watuhumiwa baina ya nchi nimeyasoma kidogo, na kisa hiki ningekiweka somo la kwanza.

Waingereza wakaweka askari nje ya ubalozi: akitia mguu barabarani, akamatwe. Ndani ya ua wakasimama mabaharia wa Kijerumani na silaha zao. Waingereza wakataka wakabidhiwe mtu wao. Wajerumani wakajibu kwa mkataba. Nchi hizo mbili zilikuwa na mkataba wa kurudishana wahalifu, na mkataba wenyewe ulimtoa mtu anayetafutwa kwa kosa la siasa. Mwizi angerudishwa, na muuaji angerudishwa. Lakini kudai kiti cha ufalme, hata ukikuita uasi, ni siasa.

Tusiwape Wajerumani sifa isiyo yao. Walikuwa na Tanganyika, na mtu mwenye madai ya kiti cha Unguja ni akiba nzuri mkononi. Miezi michache kabla, Aprili mwaka huo huo, walikuwa wamempokea Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi alipovuka mpaka na watu wake baada ya kushindwa na Waingereza upande wetu huu. Hesabu zao walizijua. Lakini walipotafuta neno la kusema, walilikuta limeandikwa tayari, na Waingereza walikuwa wamelitia sahihi wenyewe.

Basi wakakaa hivyo, huyu ndani na wale nje, siku 36. Kisha Oktoba 2 ikaingia meli ya kivita ya Kijerumani, Seeadler. Kutoka ubalozini hadi bandarini ni hatua chache, lakini hatua hizo ziko juu ya ardhi ya Unguja, na hapo angekamatwa. Wakangoja maji yajae. Bahari ilipofika kwenye lango la bustani ya ubalozi, mashua ikasogezwa mpaka pale, na Khalid akatoka bustanini akaingia mashuani bila kukanyaga mchanga wa Unguja. Askari wa nje wakabaki wakitazama. Wafuasi wake waliobaki walilipishwa rupia 300,000 kwa gharama za mizinga iliyowapiga na mali iliyoporwa.

Nimekumbuka mashua ile mara nyingi miaka hii. Nilimkumbuka Khalid Julian Assange alipokaa ndani ya ubalozi wa Ecuador mjini London tangu 2012 hadi 2019, polisi mlangoni. Na nilimkumbuka kwa uchungu zaidi kwa mambo ya kwetu. Sheria yetu ya kurudishana wahalifu nayo ina kifungu cha kumlinda anayetakiwa kwa siasa, na inataka mtu apelekwe kwa hakimu kwanza. Katiba ya 2010 inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Hata hivyo 2007 watu walikamatwa Kenya wakapelekwa Somalia na kisha Ethiopia, na 2010, baada ya mabomu ya Kampala, Wakenya walivushwa mpaka kuingia Uganda bila hakimu yeyote kuwasikiza. Novemba 2024 Kizza Besigye alichukuliwa Nairobi, siku chache baadaye akatokeza mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Bahari haikungojwa ijae. Gari tu, usiku.

Turudi kwa Sayyid. Wajerumani walimweka Dar es Salaam, akaishi huko kama miaka ishirini. Hiyo ndiyo thamani ya kifungu kimoja cha mkataba: miaka ishirini ya mtu kulala kwake. Kisha vikaja vita vikuu vya kwanza. Mikataba baina ya maadui ikalala, Dar es Salaam ikatekwa Septemba 1916, na Khalid akaangukia mikononi mwa wale wale waliomngoja nje ya lango akiwa kijana wa miaka 22.

Hapo hapakuwa na hoja za sheria tena. Alipelekwa Saint Helena, kisiwa kile kile cha Napoleon, na Shelisheli pia. Shelisheli ilikuwa ghala la wafalme. Prempeh wa Asante alifungiwa huko, na Kabalega wa Bunyoro, na Mwanga wa Buganda akafia huko huko 1903. Dola ilikuwa imegundua kwamba mtu usiyetaka kumpeleka mahakamani, kwa kuwa hujui utamshtaki kwa kosa gani hasa, unaweza kumweka mbali tu na miaka ikapita. Leo tunakuita kizuizini bila kesi, na ndani ya Kenya serikali za baada ya uhuru nazo zilikujua vizuri.

Mwishowe Khalid akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alikuja Mombasa, mji ambao bendera ya ukoo wake ilikuwa bado ikipepea juu ya Ngome kwa mkataba wa maili kumi, ingawa aliyeamuru alikuwa Mwingereza. Hamud aliyewekwa siku ile ya mizinga alikuwa amekufa tangu 1902, na mtoto wa Hamud, Ali, alikuwa amekwisha kijiuzulu. Kiti alikuwa amekalia Khalifa bin Harub. Khalid alifariki hapa mwaka 1927, ana miaka 53 hivi. Mola amrehemu, na awarehemu pia wale 500 wa asubuhi ile, ambao majina yao hatuyataji tunapohesabu dakika.