Mrefu aliyejibana ndani ya nyambizi ili kuipima dunia

Unajua vile mtu mrefu huteseka kwenye matatu, magoti yakikaribia kidevu? Sasa mfikirie Felix Andries Vening Meinesz, Mholanzi mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili, akiishi miezi minane ndani ya nyambizi. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa profesa, na alichosaka huko baharini ni namba tu.

Alizaliwa mwaka wa 1887. Babake aliwahi kuwa meya wa Rotterdam na wa Amsterdam. Yeye alisomea uhandisi wa ujenzi jijini Delft, akahitimu 1910, kisha akapewa kazi ya kupima mvutano wa dunia nchini Uholanzi.

Hebu tuelewane hapa. Mvutano ni ile nguvu inayoangusha simu yako ikikuponyoka. Haulingani kila mahali; hutofautiana kidogo kulingana na umbo la dunia na uzito wa miamba iliyo chini yako. Enzi hizo ulipimwa kwa pendulamu, yaani uzito unaobembea kama ule wa saa kubwa za ukutani. Mvutano ukizidi, inabembea haraka zaidi.

Tatizo ni kwamba ardhi ya Uholanzi ni laini na hutikisika. Jamaa akaunda kifaa chenye pendulamu kadhaa zilizobembea kwa kupishana, hivi kwamba athari ya mtikisiko ikajifuta yenyewe. Akawaza: mbona kisijaribiwe baharini?

Wakati huo wanasayansi wa mataifa mbalimbali walilinganisha vipimo vyao na kimoja cha msingi kilichochukuliwa Potsdam, Ujerumani, ili namba za nchi moja zisomeke sawa na za nyingine. Lakini karibu vipimo vyote vya kuaminika vilikuwa vya nchi kavu, na bahari ndiyo inafunika zaidi ya thuluthi mbili ya dunia. Pengo hilo si mchezo.

Meli huyumba, lakini ukizama chini mawimbi hupoa. Basi mwaka wa 1923 akapanda nyambizi K II, wakapita Mfereji wa Suez na kukata Bahari ya Hindi hadi Java, iliyokuwa koloni ya Uholanzi. Mwaka wa 1926 akaenda na K XIII kupitia Panama. Mwaka wa 1928 Wamarekani wakamwalika apime kwa nyambizi yao. Kisha Novemba 1934 akaondoka na K XVIII, akapitia Atlantiki na Cape Town, akafika Surabaya Julai 1935.

Kando ya Java na Sumatra, namba zilimshangaza: kulikuwa na ukanda mrefu ambako mvutano ulipungua kuliko ilivyotarajiwa. Alieleza kwamba gamba la dunia linavutwa kwenda chini pale. Miaka mingi baadaye ikabainika kuwa bamba moja la dunia huzama chini ya jingine. Ni huko Sumatra ambako tetemeko la Desemba 26, 2004 lilizua tsunami iliyovuka bahari na kuua watu hadi Afrika Mashariki.

Namba hizo hakuzifungia kabatini. Kuanzia 1933 aliongoza chama cha kimataifa cha wapimaji wa dunia, na kati ya 1948 na 1951 akawa rais wa muungano mzima wa wanajiofizikia. Huo ulikuwa wakati mgumu. Mataifa makubwa yalianza kuficha vipimo vya mvutano kama siri ya kijeshi, maana kombora la masafa marefu haliwezi kulenga sawasawa bila kuvijua. Hata hivyo, mwaka wa 1951 muungano huo ulianzisha ofisi ya kimataifa ya kukusanya vipimo kutoka nchi zote. Ipo hadi leo, nchini Ufaransa.

Alifariki 1966. Kwa hivyo wewe unayekusanya data, iwe ya mradi wa shule au ya programu unayounda, jiulize: je, mwingine anaweza kuisoma na kuiunganisha na yake? Ukiikalia peke yako, itabaki namba tu.